Vijana wanaobeba neno la kanisa: nani anawabeba wao?

Ibada imekwisha. Katibu wa parokia anamuita kijana mwenye simu nzuri na kumwambia: "Mdogo, hii komunike inapashwa kufika kwenye makundi yote ya WhatsApp kabla ya saa nane." Kijana anaichapa upya, anasahihisha makosa mawili matatu na kuweka nembo ya jumuiya. Chini kabisa, kwa sababu ofisi haina namba ya kudumu, anaandika namba ya simu yake mwenyewe. Halafu anaituma. Mega amenunua kwa pesa yake. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali namba yake ijulikane mji mzima, wala aliyekaa naye kuisoma karatasi kwa sauti kabla haijaondoka.

Kijana wa namna hii yuko katika makanisa yetu mengi, toka Bunia mpaka Uvira. Pengine amemaliza masomo ya mawasiliano au ya habari, na diploma yake iko kwenye bahasha nyumbani. Kazi anayofanya inaitwa uhusiano na umma: kulinda imani kati ya kanisa na watu wanaolisikiliza. Anaifanya kwa kujitolea, mara nyingi kwa furaha. Lakini anaifanya peke yake, na katika majimbo yetu kuifanya kazi hii peke yake ni hatari.

Kwa nini jambo hili ni la leo

Mwaka wa 2025 ulianza kwa mapigo mawili. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa muda. Mwaka uliotangulia, nchi hiyo peke yake ilikuwa imelipia karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu iliyotolewa Kongo. Siku chache baadaye Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabanki nayo yakafunga milango.

Kwa kijana aliyesomea mawasiliano, mapigo hayo yalimaliza kitu kimoja ambacho hatukukizungumzia sana. Mashirika yaliyokuwa yakimpa mshahara wa kwanza ndiyo yaliyokuwa pia shule yake ya pili. Huko alipata mkubwa wa kazi aliyemrudishia ripoti ikiwa na alama nyekundu. Alifundishwa kutopiga picha ya uso wa mtu aliyejeruhiwa bila ruhusa yake, na kutotaja kijiji ambako waliokimbia vita wamejificha. Miradi ilipofungwa, walimu hao nao waliondoka. Kilichobaki ni redio za mtaa, vyama vidogo vya vijana, na kanisa. Bila kukaa kikao chochote wala kupiga kura, kanisa limekuwa nyumba ya kufundishia kazi hii.

Wakati huo huo neno la kanisa limetafutwa kuliko mbele. Mwezi huo huo wa Januari, maaskofu wa CENCO na viongozi wa ECC walianzisha mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri katika Kongo na Maziwa Makuu. Walionana na watu wa pande mbalimbali, na mwezi wa Februari walifika hata Goma. Wako waliofurahi na wako waliokasirika. Katika kila mtaa waumini waliuliza: wachungaji wetu wako upande gani? Aliyejibu swali hilo kwenye simu, usiku, mara nyingi hakuwa askofu wala mchungaji wa wilaya. Alikuwa yule kijana, kwa sababu namba iliyo chini ya komunike ni yake.

Somo ambalo Beni na Butembo walilipia

Sisi wa mashariki hatuhitaji kufundishwa kwamba mawasiliano mabaya yanaua. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mabango yalikuwa yamechapwa vizuri na maneno yake yalikuwa ya kweli, kwamba watu wanawe mikono, wasiguse maiti, wampeleke mgonjwa mapema. Hata hivyo, mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, siku chache kati ya kimoja na kingine.

Ukweli wa maneno haukutosha, kwa sababu wasikilizaji walikuwa na swali lingine. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014. Waliona magari mengi na pesa nyingi zikija kwa ugonjwa mmoja, wakauliza mbona hazikuja kwa ajili ya mapanga. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo, na moja ya sababu walizopewa ikawa Ebola hiyo hiyo. Baada ya hapo, kila bango lilisomwa kwa jicho la mashaka. Watu walianza kusikia pale alipozungumza mtu wanayemjua: mama wa kanisa, mwalimu wa shule ya mtaa, muuguzi aliyezaliwa hapo.

Hilo ndilo somo la kwanza la uhusiano na umma, na halipatikani kwenye programu ya simu. Kabla ya kutuma neno, uliza ni swali gani liko tayari moyoni mwa anayelipokea. Kijana wa miaka 23 anaweza kuwa na akili nyingi na mkono mwepesi wa kupanga picha na herufi, lakini kuyasoma majeraha ya watu anajifunza kwa kukaa karibu na aliyeishi nayo. Kwa hiyo anahitaji mlezi.

Kujitolea na kutumiwa

Wachungaji wengi watasema: kanisa halina pesa, sisi wenyewe tunaishi kwa sadaka. Ni kweli, na anayewahukumu kwa hilo hajui maisha ya nyumba zao. Lakini tutofautishe mambo mawili. Mtu anayejitolea hutoa wakati wake kwa hiari, kwa muda unaojulikana, na anarudi nyumbani na kitu: ujuzi, rafiki, ushuhuda. Mtu anayetumiwa hutoa wakati huo huo bila mwisho, na kila akiuliza anaambiwa kwamba Bwana atamlipa. Bwana hulipa, ndiyo. Lakini ni Bwana huyo huyo aliyesema katika Luka 10:7 kwamba mfanyakazi ana haki ya malipo yake, na aliyasema hayo akizungumza juu ya watu waliotumwa kuhubiri.

Hata sheria ya nchi inatusaidia kuelewa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatambua mkataba wa uanagenzi, ambamo anayempokea kijana ana wajibu wa kumfundisha. Kijana wetu wa komunike pengine hana mkataba wa namna hiyo, lakini wazo lake ni la haki: anayechukua kazi ya mwanafunzi anadaiwa mafundisho.

Kuna jambo lingine ambalo hatulioni kwa haraka. Kazi isiyolipwa inachagua watu. Anayeweza kujitolea miaka miwili ni yule ambaye baba au mjomba bado anamlipia chakula na moto wa kwenda na kurudi. Yatima, binti anayelea wadogo zake, kijana aliyekimbia vita na kulala kwa jamaa, hao wanaacha baada ya mwezi mmoja. Kisha tunashangaa kwamba sauti ya kanisa inafanana na sauti ya familia zenye uwezo. Kama kweli tunataka kusema kwa niaba ya wanyonge, ni lazima mnyonge naye aweze kufika ofisini.

Alivyofanya Barnaba

Katika Matendo 9, Sauli alifika Yerusalemu na wanafunzi wote wakamwogopa. Alikuwa na jina baya. Barnaba alimshika, akampeleka kwa mitume, akaeleza habari zake mbele yao. Alikuwa ameaminiwa kabla yake, na imani hiyo aliyokuwa nayo kwa watu aliikopesha kwa mgeni. Baadaye, katika Matendo 15, alifanya hivyo tena kwa Yohana Marko, kijana aliyekuwa ameacha safari katikati. Paulo hakumtaka. Barnaba alimchukua, hata kama ilimgharimu kutengana na Paulo. Miaka ikapita, na katika barua ya pili kwa Timotheo ni Paulo mwenyewe anayeomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa.

Hapo tunaona ulezi ni nini. Mlezi anasimama mbele ya wakubwa na kusema huyu namjua. Anabaki naye baada ya kosa la kwanza. Wengi wetu tunapenda vijana mpaka siku wanapokosea tarehe kwenye tangazo. Siku hiyo tunawanyang'anya kazi mbele ya watu. Barnaba asingefanya hivyo.

Mambo matano yasiyodai bajeti kubwa

La kwanza, mlezi mwenye jina. Si lazima awe mtaalamu wa intaneti. Mwandishi wa redio aliyestaafu, mwalimu wa Kiswahili au wa Kifaransa, mama aliyeongoza idara ya wanawake miaka kumi, hao wanajua kupima neno. Waliohamia Kampala, Nairobi au Bujumbura wanaweza kusaidia kwa simu, saa moja kwa juma. Mlezi akiwa mwanaume na mwanafunzi akiwa binti, mikutano ifanyike mahali pa wazi, na mama mmoja awe mlezi wa pili. Tusione haya kuandika kanuni hiyo.

La pili, karatasi moja iliyotiwa sahihi: kazi ni zipi, siku ngapi kwa juma, kuanzia lini mpaka lini. Miezi sita inatosha kwa mwanzo.

La tatu, nauli na mega. Parokia inayoweza kununua maua ya harusi inaweza kutafuta pesa za moto.

La nne, ulinzi. Komunike isainiwe na kiongozi aliyeichaguliwa kazi hiyo, na namba iwe ya ofisi. Komunike juu ya vita, mauaji au wenye mamlaka isomwe na watu wawili kabla ya kutumwa. Kijana awe na haki ya kusema hili silitumi, bila kuitwa mwasi wala mwoga. Mahali ambapo utawala umebadilika kwa usiku mmoja, haki hiyo inaweza kuokoa maisha.

La tano, ushuhuda wa mwisho. Siku anapomaliza, apewe barua inayosema wazi alifanya nini, na nakala za kazi zake nzuri. Siku mlango wa ajira utakapofunguka tena, barua hiyo itamfikisha mbele ya watu wasiomjua.

Nao vijana wana deni lao. Siri ya kikao haitoki kwenye simu yako. Picha ya mama anayelia si njia ya kupata wafuasi. Ukikosolewa, sahihisha kwanza, halafu eleza. Na ukishafika mahali pazuri, rudi umchukue mmoja nyuma yako.

Jumapili ijayo, matangazo yatakapokwisha kusomwa, angalia ni nani anayeyapiga picha kwa simu ili ayatume. Mfuate baada ya ibada, muulize jina lake na ni nani anayemfundisha. Kama jibu ni hakuna, pengine Mungu anakuonyesha kazi yako.