Mintarafu ya Kuigiza Darasani

Mwaka 1954, katika shule ya upili ya Alliance iliyoko Kikuyu, ambako michezo ya Shakespeare iliigizwa kila mwaka kwa Kiingereza chake na mavazi yake, mwanafunzi mmoja, Henry Kuria, alitunga mchezo wa Kiswahili akauita Nakupenda Lakini. Akafuatwa na Kimani Nyoike mwaka 1955, na Gerishon Ngugi mwaka 1956, na B. M. Kurutu mwaka 1957, kila mmoja na mchezo wake. Vijana hao hawakuwa wamesomea utunzi, wala hapakuwa na mtihani wowote uliowangoja mwisho wa kazi yao. Walikuwa na mwalimu, Graham Hyslop, aliyekitilia maanani Kiswahili, na walikuwa wamelelewa katika shule ambamo kusimama mbele ya hadhara na kusema maneno ya mtu mwingine kama kwamba ni yako lilikuwa jambo la kawaida.

Suali linalonishughulisha ni kwa nini jambo hilo, baada ya miaka sabini, halijawa la kawaida kwa kila mtoto. Najua kwamba atakayenijibu upesi atanikumbusha tamasha la maigizo la shule za Kenya, ambalo limedumu tangu 1959, na ambalo hupanda ngazi kwa ngazi hadi kufika ngazi ya taifa mwezi wa Aprili. Tamasha hilo lina fadhila zake na sithubutu kulibeza. Waigizaji wengi wanaojulikana nchini walionekana huko kwanza. Lakini tamasha ni mashindano, na mashindano humtafuta aliye hodari tayari. Shule yenye wanafunzi elfu huchagua thelathini, hukodi basi, hushona mavazi, na aghalabu humwajiri mtunzi na mwelekezi kutoka nje, ilhali wale waliobaki, yaani wenye kigugumizi, wenye haya, na wale wasemao kwa sauti isiyovuka dawati la pili, hupiga makofi na kurejea darasani kama walivyotoka.

Yaliyotokea mwaka 2025 yanaweza kutazamwa kwa jicho hili pia. Wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere waliondolewa katika mashindano na mchezo wao, Echoes of War, wakarudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu, wakafika Nakuru, wakapanda jukwaani wakashuka bila ya kuigiza, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Kumrushia mwanafunzi moshi kwa sababu ya mchezo ni fedheha isiyo na udhuru. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza mbona mtunzi wa mchezo huo, kama ule wa 2013, Shackles of Doom, uliokatazwa na kisha kuruhusiwa na mahakama, alikuwa mwanasiasa mzima, Cleophas Malala, seneta wa zamani. Sisemi kwamba hakuwa na haki ya kutunga. Nasema kwamba miaka sabini iliyopita mwanafunzi alitunga mwenyewe, na leo, mahali penye sifa kubwa zaidi, mwanafunzi huazima maneno.

Darasani nako mambo yanastaajabisha zaidi. Mtahiniwa wa kidato cha nne, akiketi kufanya karatasi ya tatu ya Kiswahili, huonyeshwa maneno machache yaliyotolewa katika tamthilia akaambiwa aeleze muktadha wa dondoo hilo kwa alama 4. Naye hujibu bila ya kusita kwamba msemaji ni fulani, msemewa ni fulani, mahali ni ofisini kwa fulani, na sababu ni hii. Majibu hayo manne ndiyo ambayo mwigizaji hutakiwa kuyajua kabla hajafumbua kinywa. Mtoto, basi, amekwisha tayarishwa kuigiza na hakuna aliyemwambia asimame. Kazi iliyotungwa isemwe kwa sauti husomwa kimya, ikafanyiwa muhtasari, na mwaka ukisha hurudishwa kabatini.

Kumsimamisha hakuhitaji gharama. Mwalimu na asukume madawati ukutani, ampe mwanafunzi neno moja, tuseme "Umerudi", amtake aliseme kama mama aliyekesha akimngoja mwanawe, kisha kama mke aliyechoka kudanganywa, kisha kama askari aliyemwona mwizi wa jana akipita sokoni. Mwenzake wa safu ya nyuma ainue mkono pale tu atakapolisikia lote. Katika dakika kumi mtoto atakuwa amegundua kwamba pumzi huvutwa kabla ya neno na si katikati yake, kwamba mabega yaliyoinuka huibana sauti, na kwamba anayesubiri zamu yake bila ya kumsikiliza mwenziwe hudhihirika machoni. Hayo ndiyo ya msingi. Taa na mapazia ni ziada.

Wako wazazi, hasa pwani, wanaoona mchezo kuwa lahwi, yaani upuuzi, na hoja yao nisingependa ipuuzwe, kwa kuwa michezo mingine huwapa wasichana wadogo mambo yasiyostahili heshima yao. Lakini wazazi hao hao huwapeleka watoto chuoni kusoma Kurani, ambako mwalimu huwafundisha herufi hutoka wapi kinywani na pumzi hukatwa wapi, asikubali mzaha katika hilo. Kisomo si mchezo, hasha. Ila mtoto aliyepitia mafunzo hayo ya tajwidi huja shuleni na sauti iliyofunzwa, na shule humketisha kimya mwaka mzima.

Hoja nzito zaidi ni ya walimu: madarasa yamefurika, vipindi ni vifupi, na wao wenyewe hawakufunzwa kazi hii katika vyuo vya ualimu. Katika mtaala mpya wa Kenya sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, na wengi wamefarijika. Mimi nina tashwishi, maana njia huchaguliwa na wachache wenye kipawa, na atakayekwenda kwenye sayansi, akaja kuwa daktari wa kumweleza mgonjwa habari mbaya, hatapita huko. Afadhali robo saa kwa wiki ndani ya somo la Kiswahili, kwa wote, tangu darasa la nne. Lakini maadamu zile alama 4 zitaendelea kutolewa kwa wino peke yake, mwalimu mwenye busara, ukikaribia mtihani, atayarudisha madawati mahali pake, na sitamlaumu.