Takwimu za mgonjwa zisifungiwe kwa muuzaji

Mwaka 2004, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani walifika Eldoret, Kenya, ambako kliniki za Ukimwi zilikuwa zimezidiwa na wagonjwa. Kazi iliyoanzia hapo ilizaa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, umejengwa juu yake.

Siri ya OpenMRS ni kamusi ya dhana. Kila swali, kipimo na ugonjwa huingizwa humo kama dhana inayojitegemea. Kliniki ikitaka kuanza kuuliza kuhusu kikohozi cha usiku, inaongeza dhana na kurekebisha fomu. Haivunji hifadhidata wala kusubiri fundi kutoka ng'ambo.

Lakini wepesi huo una mtego. Hospitali moja ikiandika "sukari ya damu" na nyingine "glukosi", kila moja kwa vizio vyake, kompyuta zitabaki kama majirani wasiosalimiana, na mgonjwa wa rufaa atatobolewa kidole upya. Ndiyo maana kuna viwango vya pamoja: LOINC kwa vipimo vya maabara, ICD kwa magonjwa, na FHIR kwa kusafirisha taarifa.

Kenya ina Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Ni hatua nzuri, ila sheria haisomi mikataba ya zabuni. Kaunti inaponunua mfumo (na wauzaji wenye maneno matamu hawakosekani), idai kwa maandishi viwango hivyo, pamoja na haki ya kuhamisha takwimu zote bila malipo mkataba unapokwisha. Muuzaji akikataa, asilipwe hata senti.