Kisichoandikishwa si Takataka

Waulize vijana wanaotengeneza programu hapa Loresho, au majirani zao wa Kangemi: folda ya mradi ikigoma, dawa ni nini? Watakujibu bila kupepesa: git clean -fdx, amri ya kufagia folda. Wanaamini kwamba faili ambazo Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, haizifuatilii ni makapi, na kwamba hata ukikosea, Git haisahau kitu. Imani zote mbili ni potofu.

Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, hukumbuka ulichoikabidhi tu. Faili uliyoikomiti utairudisha hata ukiifuta. Uliyoipitisha kwa git add pekee huenda ukaiopoa kwa git fsck, maana yaliyomo yalikwisha kuhifadhiwa. Lakini faili ambayo Git haijawahi kuipokea haina nakala humo. Git clean ikiifagia, haipitii hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Imekwenda.

Hatari zaidi ni ile herufi x. Bila hiyo, amri huziacha faili zilizotajwa katika .gitignore, orodha ya faili ambazo Git huagizwa kuzipuuza. Ukiiweka, nazo zinafagiliwa. Na humo mna nini? Mna node_modules, sawa, utaipakua upya. Lakini mna pia .env, tunamoweka funguo za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mna hifadhidata ndogo ya SQLite yenye data ya majaribio. Funguo tulizificha Git isizisambaze kwa watu. Sasa tunazitupa kwa sababu tumezificha!

Anayepanga nyumba yenye samani hupewa orodha ya vitu vya mwenye nyumba. Kitanda chako hakimo katika orodha hiyo. Je, ni taka? Ni mali yako, na ulinzi wake ni juu yako.

Watetezi watasema Git ina kinga: bila -f, kwa kawaida inakataa kufuta. Ni kweli. Ila kinga hiyo ilikufa siku tulipoanza kukariri herufi zote tatu kwa mkupuo mmoja. Mlango wenye kufuli haumzuii mtu aliyezoea kuingia na ufunguo mkononi.

Njia salama wala si ndefu. Andika git clean -ndx kwanza. Haifuti chochote, inakuonyesha tu kitakachofutwa. Isome orodha hiyo yote. Kisha futa ukiongeza -e .env ili faili hiyo isiguswe. Ukiwa na shaka, git stash --all itakuwekea kando hata zilizopuuzwa, nawe utazirudisha baadaye.

Wakuu wa timu na walimu, acheni kuwafundisha wanagenzi -fdx kabla hawajaizoea -ndx. Nawe unayesoma haya, nakili funguo zako nje ya folda ya mradi leo, mahali salama. Git haikuahidi kukutunzia.