Kompyuta ya gemu: tununue kadi, tusinunue taa

Kila mwisho wa mwezi kuna mmoja wetu anayeombwa kompyuta ya gemu na mtoto au mdogo wake aliye nyumbani. Hatusemi mumkatalie. Mashine hiyohiyo atafanyia na kazi za shule. Tunachokataa ni ile laptopu ya gemu yenye taa za rangirangi, inayouzwa madukani kwa kulipa kidogo kidogo.

Kwanza, deni. Mshahara wetu unategemea mkataba, na mkataba unaweza kukatika kabla laptopu haijaisha kulipwa. Katika nchi kadhaa za Ghuba anayekudai anaweza kwenda mahakamani ukazuiwa kusafiri. Na dada wa kazi za ndani anayemwomba bosi mshahara wa mbele anajifunga mwenyewe: siku akitaka kuondoka atakumbushwa. Gemu haistahili hayo. Panga kiasi kabla ya kuingia dukani, weka kando kidogo kila mwezi baada ya kutuma hela ya chakula na ada, halafu lipa taslimu.

Pili, tujue hela inakwenda wapi. Kinachobeba gemu zaidi ya chochote ni kadi ya grafiki, siyo taa wala jina. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, inunuliwe hukohuko nyumbani, Kariakoo au Luthuli Avenue. Iwe na prosesa ya Intel i5 kizazi cha 8 au zaidi ili ipokee Windows 11, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025. RAM GB 16, yaani mbili za GB 8, na diski ya SSD.

Wewe uliye huku tafuta kadi tu. GTX 1650 ni ya mwaka 2019 lakini bado inacheza Fortnite na Valorant vizuri, na gemu hizo mbili ni za bure. Inatumia wati 75 tu, kwa hiyo chagua ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Kompyuta ya ofisi itaimudu. Muulize kijana kwanza upana wa kasha, kwa sababu makasha membamba yanataka kadi fupi. Gemu mpya nzito zitaishinda, mwambie mapema.

Kadi inaingia kwenye begi la mkononi. Kasha zima linakula kilo zako. Hata aliye Marekani kwenye umeme wa volti 120 hana wasiwasi, kadi inalishwa na kompyuta yenyewe. Na kasha likiharibika, aliyeliuza yuko karibu. Waranti ya duka la Dubai haimsaidii aliye Tanga.

Wapo watakaosema laptopu ni bora kwa sababu umeme nyumbani unakatika. Kwa mwanafunzi wa bweni tunakubali. Lakini laptopu ya gemu ikiwa kwenye betri inapunguza nguvu na chaji inaisha haraka, kwa hiyo umeme ukikatika gemu nayo imekatika.

Mtajieni kijana kiasi mlichonacho, bila kuficha, mumwachie atafute bei mwenyewe. Akijua mwisho wa hela atachagua kwa akili, na wewe utabaki na akiba ya tiketi yako.