WANYAMA WA NCHI YETU: Kamendegere si Kangaruu

Msafiri atokaye Eldoret kwa gari usiku, akateremka Bonde la Ufa mpaka nyika za Naivasha, aweza kuona katika mwanga wa taa mnyama mdogo akirukaruka kwa miguu miwili. Kama amepata kuona picha ya kangaruu, hana budi kushangaa. Mikalitusi ya Uasin Gishu asili yake ni Australia, lakini kangaruu hakuja pamoja nayo. Mnyama huyo ni kamendegere, mwenyeji wa Kenya na Tanzania tangu zamani.

Uzito wake ni kama kilo 3. Miguu yake ya nyuma ni mirefu na yenye nguvu, na kwa mruko mmoja aweza kupita meta 2. Ya mbele ni mifupi, yenye kucha kali za kuchimbia. Mkia wake ni mrefu wenye ncha nyeusi, nao humsaidia asianguke. Mchana hulala shimoni, na pengine huziba mlango kwa udongo kutoka ndani. Usiku hutoka kula majani, mizizi na mbegu.

Kangaruu naye huruka vivyo hivyo, lakini hawana udugu. Kamendegere ni wa jamii ya wagugunaji, kama panya na nungu. Kangaruu ni wa jamii ya wanyama wenye mfuko. Kangaruu mwekundu huchukua mimba siku 33 tu, na mtoto wake huzaliwa akiwa hata gramu 1 hajafika, kipofu, bila manyoya. Hujivuta mwenyewe mpaka katika mfuko wa mama yake, akakaa humo akinyonya kwa muda wa miezi kama 8. Kamendegere hana mfuko. Mimba yake huchukua miezi miwili na nusu hivi, na mtoto huzaliwa na manyoya yake, akalelewa shimoni majuma kadhaa.

Hata hivyo wanafanana katika jambo moja kubwa: kwa kawaida kila mmoja huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Jambo hili lamhusu mkulima. Panya akiuawa leo, wenzake hujaza nafasi yake upesi, maana huzaa watoto wengi pamoja. Kamendegere wakiuawa ovyo hawarudi upesi hivyo, na tayari wana adui wengi: mbweha, bundi na paka-mwitu.

Ni kweli kwamba hufukua mahindi na karanga zilizopandwa. Lakini mkulima akikuta shamba limefukuliwa, na achunguze nyayo kwanza, kwa kuwa nungu naye hufanya kazi hiyo hiyo usiku. Kamendegere arukapo huacha alama za miguu miwili ya nyuma tu, sambamba. Nungu huacha za miguu minne. Tena kamendegere mara nyingi hula karibu na shimo lake. Basi afadhali karanga zipandwe mbali na mashimo, na zao lisiloweza kuhamishwa lilindwe usiku, hasa mbegu zinapokuwa changa udongoni. Kwa njia hiyo mavuno yatahifadhika, na mnyama asiye na hatia hatauawa kwa kosa la mwingine.