Mstari wa malengelenge shingoni: kabla hujasema ni mkanda wa jeshi

Mvua zikikolea Handeni, simu za wasikilizaji huleta swali moja lenye sauti nyingi. Mtu amelala mzima, ameamka ana mstari mwekundu shingoni, shavuni au mkononi, unawaka kama amepitishiwa waya wa moto. Kesho yake mstari umejaa malengelenge. Wengi wanaopiga simu huwa na jibu tayari: amekojolewa na buibui, au mjusi kapita usiku. Wapo wanaosema ni mkono wa mtu. Na wapo wanaoshusha sauti kidogo kabla ya kutamka jibu lao: mkanda wa jeshi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Msikilizaji mmoja wa Misima alitusimulia kuwa binti yake anayeuza chipsi jioni alijifungia ndani siku nne. Hakufungiwa na maumivu. Wateja walikuwa wameona shingo yake na kuanza kunong'ona, kwa sababu kwetu mkanda wa jeshi ukitajwa, watu wengi hupeleka mawazo moja kwa moja kwenye virusi vya Ukimwi. Binti hakuwa na mkanda wa jeshi. Alikuwa anafanya kazi kila jioni chini ya taa nyeupe yenye mwanga mkali, na kuna mdudu anayeipenda sana taa hiyo.

Mdudu mwenyewe

Kwa jina lililozoeleka Afrika Mashariki anaitwa nzi wa Nairobi. Jina hilo linapotosha, maana si nzi na hakai Nairobi peke yake. Ni mbawakawa mwembamba, urefu wake kati ya milimita 6 na 10, kiasi cha punje ya mchele. Ukimwangalia mara moja unaweza kumdhani siafu mwenye rangi. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu kuelekea chungwa, katikati ya mgongo ana kipande cha bluu au kijani kinachong'aa, tumbo tena ni rangi ya chungwa, na ncha ya mkia ni nyeusi. Mabawa yamekunjwa chini ya kile kipande kinachong'aa. Anaweza kuruka, lakini mara nyingi utamwona anakimbia, na akishtuka huinua mkia juu kama nge.

Kwa sababu ya mkia huo watu huamini anauma. Haumi, hachomi, na wala hakojoi. Sumu yake, inayoitwa pederini, imo ndani ya mwili, kwenye majimaji yanayofanya kazi ya damu. Haitengenezwi na mdudu mwenyewe bali na bakteria wanaoishi ndani yake, na majike ndio wanaoibeba kwa wingi. Akitembea juu ya mkono wako na kuondoka zake, hakuna litakalotokea. Madhara huja pale unapompiga kofi au unapomsugua, akapasuka juu ya ngozi. Ule mstari ni njia ya kiganja chako mwenyewe.

Kinachomficha mdudu huyu ni muda. Ngozi haiwaki papo hapo. Wekundu na muwasho huanza saa 12 hadi 36 baadaye, na malengelenge hufuata siku ya pili au ya tatu. Umempiga Jumatatu jioni ukiwa unaangalia mpira kwenye kibanda umiza, umesahau. Jumatano asubuhi unaamka na jeraha, unatafuta mchawi wa Jumanne usiku. Buibui wa watu na mijusi ya watu wanasingiziwa kila mwaka kwa sababu hiyo.

Kwa nini tunamwona zaidi sasa

Mbawakawa huyu anaishi penye unyevu: chini ya majani yanayooza, kando ya mito na madimbwi, kwenye majaruba ya mpunga. Mvua ikizidi, huzaliana kwa wingi. Nchini Kenya, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifuatiwa na mlipuko mkubwa wa vidonda hivi ambao watu wazima bado wanaukumbuka. Kwetu mkoani Tanga mvua nzito si habari ya mbali pia. Wasafiri wa barabara ya Korogwe na Handeni hawajasahau Oktoba 2019, maji yalipoikata.

Lakini mvua ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine, kwa maoni yangu, ni taa. Serikali ilitangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Ni jambo jema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila mwanga unabadilisha usiku wa kijiji. Mdudu aliyekuwa akimalizia maisha yake shambani bila kumgusa mtu sasa anaiona taa nyeupe ya duka, ya banda la chipsi, ya bweni na ya baraza ya nyumba, anaifuata. Chini ya taa hiyo ndipo watu wamekaa. Kitanda kiko chini ya balbu, dirisha halina wavu, na juu hakuna dari ya kumzuia anayepita kati ya ukuta na bati.

Mfano ulio wazi ulitokea mbali, katika jimbo la Sikkim nchini India, Julai 2022. Wanafunzi zaidi ya mia moja wa chuo kimoja cha uhandisi walipata vidonda hivi katika msimu wa mvua. Chuo kiko penye miti na unyevu, kina mabweni, na taa zinawaka usiku. Ukiyasoma maelezo hayo halafu ukafikiria shule zetu za bweni, huhitaji mtaalamu akueleze wasiwasi unatoka wapi.

Kutofautisha na mkanda wa jeshi

Mkanda wa jeshi unasababishwa na virusi vya tetekuwanga vilivyobaki mwilini na kuamka baadaye. Hufuata njia ya mshipa wa fahamu, kwa hiyo hukaa upande mmoja wa mwili, kulia au kushoto, na kwa kawaida hauvuki mstari wa katikati. Mara nyingi maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya upele. Na niliseme hili pia: mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata, hasa wazee. Wenye kinga dhaifu wanaupata kwa urahisi zaidi, lakini upele huo peke yake haumpimi mtu Ukimwi.

Alama ya mbawakawa haifuati mshipa wowote. Inafuata kofi. Inaweza kukatiza shingo kutoka kushoto hadi kulia, na huwapo sehemu ambazo nguo haifuniki. Dalili inayosaidia sana ni ya mikunjo: jeraha likiwa ndani ya kiwiko au nyuma ya goti, hujichora pande zote mbili kwa sababu ngozi imegusana na ngozi, kama wino kwenye karatasi iliyokunjwa. Mkanda wa jeshi haufanyi hivyo.

Kosa linaweza kutokea upande wa pili. Mwenye mkanda wa jeshi akijiambia ni mdudu tu, anachelewa. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kutokea. Kwa hiyo maumivu yakitangulia upele, na upele ukikaa upande mmoja, nenda zahanati mapema.

Wakulima wa kunde na choroko wana mtuhumiwa mwingine wa mchana. Ni mbawakawa mnene kidogo, mweusi mwenye mabaka ya njano au mekundu, anayekula maua. Naye ana sumu, ya aina tofauti, na akipondwa juu ya ngozi hutoa lengelenge kubwa la maji. Huyo usimguse kwa mkono mtupu wakati wa kuokota wadudu shambani, na watoto wasimchezee, maana akimezwa ni hatari kabisa.

Ukishampiga

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Ukijua umemponda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha osha mikono, na usiguse uso kabla hujamaliza. Nguo au shuka aliyopasukia ifuliwe. Jeraha likishatokea, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hupunguza moto, na ukirudia mara kadhaa kwa siku unapata nafuu. Usitumbue malengelenge. Mhudumu wa afya anaweza kukupa krimu ya kupunguza uvimbe na vidonge vya muwasho. Dawa za kuua bakteria ni za pale kidonda kinapoingia usaha, si kabla. Wengi hupona ndani ya wiki moja hadi tatu, na alama nyeusi hubaki kwa muda. Haiambukizi. Unaweza kulala na mtoto wako, unaweza kuuza chipsi.

Dawa ya meno, majivu na spiriti viacheni. Ngozi iliyoungua haihitaji kuunguzwa tena. Na krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka kama tiba ya kila upele, ninaziogopa zaidi ya mdudu. Nyingi zina dawa kali za kupunguza uvimbe, na zikipakwa usoni bila ushauri, kwa wiki nyingi, zinaharibu ngozi yenyewe.

Jicho ni habari nyingine. Mara nyingi sumu hufika huko kwa kidole, mtu akijifikicha. Kope huvimba, jicho huwa jekundu, huuma na kukataa mwanga. Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu unaosababishwa na virusi, watu walizoea kuona kila jicho jekundu kama ugonjwa huo huo. Ule huambukiza, na mara nyingi huhama kutoka jicho moja hadi la pili. Hili la mdudu haliambukizi, lakini linaweza kuumiza kioo cha jicho. Safisha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maziwa ya mama, maji ya sukari na majani yaliyopondwa yasiingie humo, na dawa ya matone ya jirani pia isiingie.

Kwa wenye vidonda visivyoeleweka, tuna bahati ya jirani: Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Wengi hawatahitaji kufika huko. Zahanati inatosha, mradi mgonjwa aseme alikuwa wapi usiku wa juzi.

Jioni, kabla ya taa

Ukimwona mwilini, mpulize, au mwekee kipande cha karatasi apande, umtupe mbali. Dereva wa bodaboda ana kazi ngumu zaidi, kwani mkono huenda shingoni wenyewe. Kola ndefu na kioo cha helmeti kilichoshushwa humsaidia. Nyumbani, hamisha kitanda kisikae chini ya balbu, kung'uta shuka na nguo zilizoanikwa kabla ya kuzitumia, na lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Taa ya nje inaweza kuwa ya rangi ya njano, ambayo huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe, na inaweza kuwekwa hatua kadhaa kutoka mlangoni ili wadudu waishie huko.

Majani yanayooza karibu na ukuta yaondolewe. Shambani, hata hivyo, mwacheni. Anakula vidukari na mayai ya wadudu waharibifu, na wakulima wa mpunga wa Mombo wana faida naye kuliko hasara. Kunyunyizia dawa bonde zima ili kumkomesha ni kujiletea msimu mbaya wa aina nyingine.

Shule za bweni zina nafasi ya kufanya jambo dogo kabla masika hayajaanza mwezi Machi: wavu kwenye madirisha ya mabweni, taa za ndani kuzimwa kwa saa inayojulikana, na matroni kumwambia kila mwanafunzi, akimwonyesha picha, kwamba mdudu huyu hapigwi kofi. Yule binti wa Misima amerudi kazini. Taa ya banda lake sasa imening'inizwa kwenye mti, upande wa pili wa njia.