Likizo Huanzia Kiwanjani, Si Langoni mwa Kambi

Hakuna karatasi ingojewayo kambini kwa hamu kama kibali cha likizo. Askari aweza kula chakula cha mikebe kwa majuma, akashika zamu ya usiku katika mvua, akakosa habari za nyumbani kwa siku nyingi, na asinung'unike. Lakini kibali kikichelewa siku moja tu, kambi nzima itajua. Na kikifika, jambo la kwanza aulizwalo na wenzake si atafanya nini huko aendako, bali ni hili: "Utaifikiaje ndege?"

Swali hilo laonekana dogo. Kwa mtumishi wa mjini ni jambo la nauli na msongamano wa magari: apande teksi au basi, atoke saa ngapi. Kwa askari aliyeko upande wa Ras Kamboni, au polisi mwenzake aliyeko Ishakani na Kiunga, mwendo mfupi tu kusini mwa mpaka, swali hilo ni zito kuliko safari yote iliyosalia. Ndege itamtoa pwani na kumfikisha Nairobi kwa muda wa kama saa moja na nusu. Kuifikia ndege yenyewe huenda kukamchukua siku tatu.

Tuitazame ramani kidogo. Karibu na Ras Kamboni ndipo mpaka wa Kenya na Somalia, uanzao Mandera, unapoingia baharini. Kwa mstari ulionyooka, Kismayo iko karibu kilomita 180 kaskazini-mashariki, na Lamu kama kilomita 100 kusini-magharibi. Pote pawili pana viwanja vya ndege. Kile cha Lamu kiko katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, nacho hakifikiwi ila kwa chombo cha majini. Baina ya pande hizo mbili kuna nchi kavu iliyojaa mwitu, na bahari iliyojaa miamba. Hatutataja saa wala siku za misafara, na msomaji wetu ajua sababu. Tutakayoyasema hapa yajulikana na kila mvuvi wa Chovai na Kiwayu.

Njia ya nchi kavu ina mvuto wake. Haina mawimbi, haingoji maji kujaa, na mara nyingi hupatikana gari liendalo. Kutoka Kiunga barabara hukata mwitu wa Boni hadi Hindi, kisha Mokowe, na hapo Manda iko karibu. Lakini ni barabara hiyo ambayo mabomu ya kutegwa ardhini yameua askari na raia zaidi ya mara moja. Na msafiri asidhani kwamba akishavuka Hindi na kushika njia ya kwenda Mombasa kwa basi amekwisha kuokoka: baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 mabasi ya njia ile yalilazimika kusindikizwa na polisi, na hata hivyo tarehe 2 Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa.

Njia ya maji nayo ina sheria zake. Mwenye likizo ya Agosti na mwenye likizo ya Desemba hawaendi safari moja, hata wakipanda mashua moja kutoka gati moja. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, upepo humsukuma kwa nyuma aendaye Lamu, na bahari huwa na adabu. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huenda akiupiga upepo kwa uso, na nje ya mwamba mawimbi hayajui cheo cha mtu. Agosti 2017 boti ilizama katika bahari ya Lamu, na wengi wa waliokufa walikuwa jamaa wa familia moja. Hao hawakuwa wageni wa bahari ile.

Zaidi ya upepo kuna maji yenyewe. Atokaye Faza au Kizingitini kwenda Lamu hupitia Mkanda, mlango mwembamba wenye mikoko kushoto na kulia, ambao kwa miaka mingi ulipitika maji yakijaa tu. Sisi tuna kisa na Mkanda. Tuliwahi kusafiri tukiwa na kibali mfukoni na tiketi ya ndege ya adhuhuri. Nahodha wetu, mzee wa Kibajuni, alitutaka tung'oe nanga alfajiri. Tulikuwa na karatasi za kutia sahihi, tena kulikuwa na chai. Tukamwambia, "Mzee, tupe nusu saa tu." Akatutazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, maji hayamngoji afande." Nusu saa ikawa saa nzima na ushei. Tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yakipwa, mashua ikagusa tope, ikalala ubavu. Tukakaa pale na mizigo yetu magotini, tukiwatazama kaa wakitembea juu ya matope, hata tukaisikia ndege ikinguruma na kupaa nyuma ya mikoko. Mzee hakusema neno. Alitoa nyavu yake akaanza kuishona.

Tulipata ndege siku ya pili. Tulipoteza siku moja ya likizo na fedha za tiketi, basi. Ndiyo maana twasema wazi kwamba, kwa maoni yetu, askari akipewa hiari, na achague maji, na angoje. Njia ya maji humla mtu siku. Njia ya mwituni humla mtu mwenyewe.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la pwani peke yake. Katika mwisho wa pili wa mpaka huo huo, Mandera, tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka mjini humo alfajiri kwenda Nairobi lilisimamishwa, na abiria 28 wakatengwa na kuuawa. Wengi miongoni mwao walikuwa walimu waliofunga shule, wakienda makwao kwa likizo ya Krismasi. Mandera ina kiwanja cha ndege. Walimu wale hawakukosa ndege kwa kutoijua; walipanda basi kwa sababu nauli ya basi ndiyo iliyolingana na mshahara wao. Baada ya msiba ule, mamia ya watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine walipiga kambi mjini wakidai wasafirishwe kwa ndege. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilishambuliwa, na safari hiyo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari iliyofuata. Na tarehe 6 Desemba 2019, huko Kotulo, miongoni mwa waliouawa ndani ya basi walikuwamo askari polisi kadhaa.

Tarehe hizo tatu ziko Novemba na Desemba, na hilo si la kupitwa haraka haraka. Ni miezi ya watu kusafiri. Adui huijua kalenda ya likizo kama tuijuavyo sisi.

Kwa hiyo twasema na askari mwenyewe kwanza, maana mengine yamo mikononi mwake. Ndugu, usinunue tiketi ya ndege isiyobadilishwa tarehe kabla hujaweka mguu Manda. Tiketi ya namna hiyo huwa rahisi kwa bei, lakini ndiyo imtiayo mtu haraka, na haraka ndiyo imtiayo katika lori asilolijua dereva wake. La pili ni simu. Mama watoto ana haki ya kujua kwamba waja. Hana haja ya kujua kwamba utakuwa gatini kesho saa nne pamoja na wenzako sita. Mwambie juma, usimwambie saa. Na ile picha ya begi na miwani ya jua, mashua ikionekana nyuma, ipige ukipenda, lakini iweke mpaka ufike nyumbani. Twajua kwamba maneno haya yamesemwa kwenye gwaride mara nyingi hata yamechosha. Twayasema tena kwa kuwa picha hizo bado twaziona.

Jambo la tatu ni taarifa. Mjini Baghdad, katika miaka ya 2004 na 2005, barabara ya kilomita kama 12 iendayo kiwanja cha ndege ilihesabiwa kuwa miongoni mwa njia za hatari kupita zote duniani. Tarehe 4 Machi 2005 Nicola Calipari, ofisa wa ujasusi wa Italia, alikuwa akimpeleka kiwanjani mwandishi Giuliana Sgrena aliyekuwa ametoka tu kuachiliwa na watekaji. Askari wa Marekani katika kizuizi waliifyatulia risasi gari yao, na Calipari akafa. Wamarekani na Waitalia walibishana baadaye ni nani aliyearifu na nani hakuarifu. Ubishi huo haukumfufua. Upande wa Ras Kamboni majeshi ni zaidi ya moja, na Desemba 2024 yale ya serikali ya shirikisho ya Somalia na yale ya Jubaland yalipigana yenyewe kwa yenyewe papo hapo. Mtu aliyevaa kiraia, aliyejikatia njia yake usiku bila kizuizi cha mbele kujua, aweza kuuawa na rafiki.

Sasa twawageukia wakubwa, na twaomba radhi kwa kusema bila kuzungukazunguka. Askari hulaumiwa kwa kuchagua njia fupi, lakini ni nani aliyemfanya aione saa kuwa adui yake? Tuseme amepewa siku 14. Siku hizo zikihesabiwa tangu anapotoka langoni mwa kambi, na akangoja chombo siku mbili, akasafiri siku ya tatu, na wakati wa kurudi ikawa vile vile, zimekwisha siku 6. Zimebaki 8 za kumwona mtoto aliyezaliwa naye hayupo. Mtu huyo akisikia kwamba kuna gari liendalo Hindi alfajiri, tutamwambia nini? Tutamsomea amri, naye ataitikia "Ndiyo, afande", kisha atapanda gari.

Popote pale ambapo hesabu hufanywa hivyo, na ibadilishwe. Siku ya kwanza ya likizo na iwe siku ambayo askari anafika kiwanja cha ndege, na ya mwisho iwe siku anayorejea kiwanjani hapo. Yote yaliyo kabla na baada ni kazi: yuko chini ya amri, ana bunduki za wenzake pembeni, na kuna mtu anayejua yuko wapi. Wako watakaosema kwamba wavivu watakaa gatini juma zima wakisingizia kusi. Huenda wawili watatu wakafanya hivyo. Dawa yake ni daftari. Nahodha aandike siku chombo kilipoondoka na kwa nini hakikuondoka jana yake. Ofisa wa zamu Manda aandike saa ya kufika. Na karani wa likizo azilinganishe kurasa hizo mbili. Jedwali la maji kujaa na kupwa huchapishwa mwaka mzima kabla, na mwenye kusingizia bamvua siku ya maji mafu atajulikana kabla wino haujakauka.